Mama Aliyeombewa Akiwa Mzima

Nyumbani kwetu,
Nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kanisa,
Jumanne, tarehe 13 Mei.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Najua barua hii itasomwa kwa sauti Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyote mkiwa mmeketi, kwa hiyo nimeiandika kwa utaratibu wa mkutano. Kwa heshima zote naanza na Shangazi, dada wa marehemu Baba na mkubwa wetu sote: shikamoo, Shangazi. Baada yake nakutambua wewe, Kaka, mwenye nyumba na mwenye bahasha: shikamoo nawe. Namtambua Shemeji, ambaye ndiye msomaji, kwa kuwa wewe una tabia ya kuruka mistari isiyokupendeza. Shemeji, usimpe barua hii mkononi kabla hujafika mwisho. Nawatambua pia watoto, ambao wameambiwa watulie na bado hawajatulia.

Hali zenu? Goti la Shangazi linaivumiliaje baridi ya huko? Na wewe, Kaka, umekwisha kurudi kwa daktari wa macho, au bado unayasoma magazeti kwa kuyasogeza mbali mpaka mkono unakwisha? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima. Naomba Shemeji airudie sentensi hiyo polepole: Mama ni mzima wa afya. Nimesikia kwamba habari nyingine zilikwisha kuwafikia, na kwamba Shangazi alianza kufunga sanduku. Shangazi, lifungue. Hakuna msiba. Kuna shauri, nalo linamhusu mtu mmoja aliyebakiwa na siku kumi na nane tu. Lakini sitaweza kulieleza bila kwanza kukiri kosa langu.

Mnamkumbuka Fundi wa Mwisho, seremala wa majeneza ambaye karakana yake inatazamana na mlango wa nyuma wa kanisa. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu samani anayotengeneza ndiyo ya mwisho mtu kuihitaji. Hata Baba tulimpumzisha katika kazi ya mikono yake. Ni mtu mpole, ila watu humwamkia kutoka upande wa pili wa barabara, kwa kuwa daima ana penseli sikioni na futi ya kupimia mfukoni mwa shati, na hakuna anayependa kutazamwa kwa muda mrefu na mtu mwenye futi.

Mwishoni mwa Machi Fundi alianguka kwenye ngazi ya karakana, maana chumba chake kiko juu yake. Nyonga ilivunjika. Hospitali ikamtengeneza, ikamrudisha, na ikamwambia asipande ngazi wala asishuke, shauri ambalo kwa mtu anayeishi ghorofani lina maana ya kifungo. Mkewe alikwisha kufariki, na watoto hawakujaliwa. Ana mpwa mmoja tu, karani wa ghala katika mji ulio mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Mpwa huyo si mtu mbaya. Alifanya alichoweza: alimtafutia nafasi katika makao ya wazee ya huko kwake, na tarehe 31 ya mwezi huu anakuja na gari kumchukua.

Fundi hataki kwenda. Mama alipomuuliza sababu, alimjibu hivi: "Sikatai kuzeeka. Nakataa kuzeekea mahali ambapo hakuna anayejua nilikuwa nani." Basi Mama akaanza kumhudumia kimyakimya, akiwa na matumaini kwamba mpwa ataona mambo yanakwenda na atabadili nia.

Sasa naliingia kosa langu. Mnajua kwamba mimi ni katibu wa Kamati ya Ujirani hapa kanisani. Miaka miwili iliyopita niliandika Kanuni za Kuwatembelea Wagonjwa, kurasa tisa, na sitaficha kwamba nilijivunia sana. Kanuni zinasema kwamba muumini asipoonekana kitini pake Jumapili tatu mfululizo, huandikwa katika orodha ya wagonjwa, na kila mmoja wa vikundi saba vya kanisa humtembelea akiwa na chakula na sala. Zinasema pia kwamba jina halitafutwa mpaka mhusika aonekane tena kitini. Anayethibitisha ni mzee wa kanisa tunayemwita Mzee wa Viti. Huyu hahesabu watu, huhesabu nafasi. Ana ramani ya mabenchi, na kila nafasi ina jina.

Nafasi ya Mama ni benchi la nne, karibu na dirisha, na ameikalia tangu mimi na wewe tukivaa kaptula. Lakini tangu Fundi aanguke, Mama amekuwa akikaa benchi la nyuma kabisa, mlangoni, ili Mchungaji akishaingia katika sehemu ya pili ya mahubiri aweze kutoka, avuke uchochoro, ampe Fundi dawa, amgeuze upande, na arudi kabla ya wimbo wa kufunga. Hakukosa ibada hata moja. Ila benchi la nyuma kwenye ramani ni la wageni. Kwa hiyo Mzee wa Viti aliandika kwamba Mama hayupo, na kwenye ukurasa wa pili, Jumapili tatu mfululizo, akaandika: "Mgeni mmoja wa kike. Hakutaka kujitambulisha." Wamefahamiana miaka arobaini.

Orodha ikaja mezani kwangu na majina ishirini na moja. Nikaitia saini bila kuisoma, kwa mwandiko mzuri.

Wa kwanza kufika walikuwa wanakwaya. Mama alikuwa juu ya ngazi anafuta vioo vya sebule, nami nimeishika ngazi. Mwalimu wa kwaya akavua kofia.

"Mama, teremka taratibu. Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Wewe."

Mama alinitazama. Mimi nikaitazama dari. "Naumwa nini?" akauliza. Mwalimu akakunjua karatasi yenye saini yangu, akaisoma mbele na nyuma, akasema ugonjwa haukuandikwa.

"Basi ombeeni yote," Mama akasema, akateremka, akakaa. Wakaimba beti sita, wakaacha sufuria ya supu.

Walipoondoka nilimwambia nitakwenda kusahihisha mara moja. Akaniuliza kanuni zinasemaje. Ikanibidi nimsomee za kwangu mwenyewe, kwamba jina halifutwi mpaka arudi kitini. Nikamsihi arudi Jumapili moja tu.

"Na Fundi nimwambie azuie haja mpaka Mchungaji amalize?" akasema. "Waache waje, mwanangu. Mimi sijapungukiwa kitu kwa kuombewa, na yeye anapenda supu." Akafunika sufuria kwa kitambaa, akavuka uchochoro.

Wa pili walikuwa akina mama. Mwenyekiti wao, mnayemjua kwa jina la Bibi Utaratibu, alikataa kabisa kuanza sala mgonjwa akiwa amekaa.

"Mgonjwa huombewa amelala, dada."

"Nikilala saa hii maharage yataungua."

"Yatazimwa. Lala."

Mama akalala kwenye kochi, aproni kiunoni na ungo wa mchele kifuani. Bibi Utaratibu alifunga macho na kumwombea nguvu za kunyanyuka kitandani. Maombi yalijibiwa papo hapo, maana Mama aliposikia harufu jikoni alinyanyuka kabla ya amina. Waliondoka wakisema wameona kwa macho yao.

Kwa jinsi hiyo, kwa muda wa wiki mbili, Fundi wa Mwisho alilishwa na kanisa zima bila kanisa kujua. Mashavu yalirudi. Akaanza kulalamika kwamba supu ya vijana haina chumvi, na Mama aliipokea habari hiyo kwa furaha, kwa kuwa aliyekata tamaa halalamikii chumvi.

Mambo yaliharibika siku ya akina baba. Mchana huo Mama aliona Fundi amechoka kutazama ukuta mmoja, akawaomba vijana wawili wenye nguvu wa karakana ya milango wambebe kwenye kiti chake mpaka sebuleni kwetu. Wakamweka karibu na kochi. Akapewa bakuli la uji. Mama naye alijua akina baba wamo njiani, na kwa kuwa amekwisha kujifunza taratibu, akajilaza mapema, akajifunika shuka jeupe, akajisinzilia.

Akina baba tisa wakaingia. Walichokiona ni Mama amenyooka chini ya shuka, macho ameyafumba, na upande wa kichwa chake ameketi Fundi wa Mwisho, penseli sikioni, futi mfukoni, amemtulizia macho.

Mimi nilikuwa jikoni natafuta viti. Niliporudi walikuwa wamekwisha kusali, sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia katika kanisa letu, na wanatoka kwa kurudi kinyumenyume. Mmoja alinishika bega, akaniambia nijikaze. Nikadhani anasema kuhusu viti.

Kabla jua halijashuka, mwalimu wa kwaya alikuwa anafundisha nyimbo za kuaga, na sauti ya pili walikuwa wanakosea mno. Bibi Utaratibu alinijia mlangoni kwa kunong'ona, akataka kujua kama Mama alikuwa anapendelea kitambaa cha zambarau au cha buluu kwa sare ya akina mama. Nikajibu kwa uaminifu kwamba anapenda buluu. Aliondoka analia. Nafikiri ni yeye pia aliyewapigia ninyi simu, na kwa niaba yake nawaomba radhi.

Kesho yake, saa tisa alasiri, Mchungaji alikuja na baraza zima la kanisa, watu kumi na mmoja, suti nyeusi. Walibisha kwa unyenyekevu. Aliyefungua mlango ni Mama, ndoo mkononi, alikuwa anatoka kumwaga maji. Mzee wa Viti alishika nguzo ya kibaraza chetu akakaa chini polepole kama mtu anayeshushwa.

"Karibuni," Mama akasema. "Mbona mmevaa hivyo? Kuna nini kanisani?"

Hapakuwa na njia nyingine. Nikasimama mbele ya baraza nikaeleza yote: benchi la nyuma, ramani, saini yangu, supu, kochi. Nimehutubia mikutano mingi katika maisha yangu, Kaka, lakini huo ulikuwa wa kwanza ambao wasikilizaji walinitazama viatu. Mchungaji aliuficha uso katika leso, na mabega yalikuwa yanatikisika. Sikuuliza kama ni kwa huzuni.

Mama hakucheka. Aliweka ndoo chini, akasema nao bila kupaza sauti. "Mmenilisha wiki mbili na mimi ni mzima. Nawashukuru, mmenipenda. Lakini kutoka mlango wenu wa nyuma mpaka kwenye ngazi ya Fundi ni hatua arobaini, nimezihesabu. Hakuna hata mmoja wenu aliyezitembea."

"Hayumo kwenye orodha, Mama," Mzee wa Viti akasema, bado yuko chini. "Hana kiti kanisani."

"Ndiyo maana aliumia bila ninyi kujua."

Maneno hayo alimjibu Mzee wa Viti, lakini yalinigusa mimi, kwa kuwa aliyeandika kwamba asiye na kiti hahesabiwi ni mimi. Kurasa tisa, ndugu zangu, na jirani hayumo.

Tukatoka wote, baraza na Mama mbele, tukavuka uchochoro. Ngazi ile ni nyembamba na baraza letu si jembamba. Fundi aliposikia viatu vingi hivyo, akauliza kutoka kitandani:

"Mmekuja wengi. Nani amekufa?"

"Hakuna," Mchungaji akasema, anahema. "Tumekuja kukuona wewe."

"Mimi? Nikiwa hai?" Akatufikiria kidogo, mmoja mmoja, na nikaona kila mmoja wetu anajaribu kutoonyesha urefu wake. "Mchungaji, nimewatengenezea watu wa mtaa huu vitanda ambavyo hakuna aliyerudi kuvilalamikia. Sikutaka kuwasumbua kwa ajili ya changu."

Mchungaji akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akamwomba msamaha mbele yetu sote bila hotuba. Kisha akamuuliza tumfanyie nini. Fundi alisema kwanza turekebishe mabenchi ya kanisa, kwa maana amekuwa akiyasikiliza yakilia kupitia dirisha miaka thelathini, na la nne karibu na dirisha ndilo baya kuliko yote. Akaahidi kuyatengeneza mwenyewe, moja moja, kwa kuketi, mtu akimletea. La pili, akasema, hataki kupelekwa. Alilisema hilo akiwa anautazama ukuta.

Pale pale vikundi saba vikagawana siku saba za juma: chakula, dawa, kuoga, kufua. Nimeichana orodha ya zamani, na kanuni mpya zina ukurasa mmoja. Mzee wa Viti amechukua Jumatatu. Kila anapofika huhesabu kwanza viti vya chumbani, na viko viwili, kisha hukaa kimojawapo na wanabishana kuhusu mbao mpaka jioni.

Mchungaji alimpigia mpwa simu. Mpwa alisikiliza kwa adabu na akasema neno ambalo siwezi kulilaumu: nguvu za kanisa anazishukuru, lakini ngazi ni ile ile, na mjomba akianguka tena hataamka. Kama itapatikana nafasi ya chini, katika nyumba yenye watu watakaowajibika kwake mchana na usiku, atamwacha. Isipopatikana, tarehe 31 anakuja na gari. Tumeizunguka mitaa mitatu. Vyumba vya chini viko, lakini kila mwenye chumba akisikia mpangaji ni nani, hukumbuka ghafla kwamba kina mtu.

Nimebaki na chumba kimoja, Kaka, na wewe umekwisha kukijua. Hapo ndipo Shemeji asimame imara.

Chumba chako cha uani kimefungwa kwa miaka kumi na mmoja. Kila Krismasi umetuambia mwakani unarudi, tusiguse kitu, na Mama amekuwa akikifagia kila Jumamosi, akipita katikati ya baiskeli ya mazoezi ambayo haijawahi kufanya mazoezi, ngoma nne, masanduku sita, na ile sofa ya ngozi inayoachia unga. Hakuna anayesema hutarudi. Ila Mama alikaa juu ya sofa hiyo juzi, akakaa sana, na alipotoka aliniambia, "Nimekuwa nikimwekea mtoto aliye mzima chumba kitupu, na nimempita mgonjwa mlangoni nikienda kukifagia." Neno hilo, Kaka, nakuomba usilijibu haraka.

Shangazi, najua unachokiwaza, mjane na mzee wa kiume chini ya paa moja, na watu watasema. Nilimweleza Mama wasiwasi huo kwa lugha ya heshima kabisa. Akanijibu kwamba angekuwa anatafuta mume angetafuta mwenye nyonga nzima. Mimi pia naishi humu, mlango unaofuata, na nimeambiwa kazi ya Fundi kuanzia sasa itakuwa viti na mabenchi pekee, nayo ataifanyia kibarazani kwetu.

Wasalimieni binamu wote wa huko, na yule rafiki yenu muuguzi aliyemtumia Mama soksi. Mchungaji anawasalimu. Mwalimu wa kwaya anawasalimu na anasema zile nyimbo sasa wanazijua vizuri, hivyo hakuna kazi iliyopotea. Bibi Utaratibu anamsalimu Shangazi na kumwomba airudishe ile tiketi ya kuja msibani aliyomtafutia. Mama anawasalimu kila mmoja kwa jina na anawauliza mnakula vizuri.

Basi, Shangazi, Kaka, Shemeji, nanyi watoto, naomba msikilize uamuzi ambao Mama aliutoa jana mezani, Mchungaji akiwa shahidi. Chumba cha uani kitafunguliwa Jumamosi tarehe 24, saa nne asubuhi, na Fundi atahamia siku hiyo hiyo. Kaka anaruhusiwa kutaja vitu vitatu, visizidi, vitakavyohifadhiwa chumbani kwa Mama. Vingine vitakwenda kwa watakaovitumia, na ngoma zimekwisha kuombwa na vijana. Mkutano wenu wa leo umsaidie kuchagua, Shangazi aongoze, Shemeji aandike. Jibu lifike kwa simu kabla ya Ijumaa jioni. Kama yupo mwenye pingamizi, Mama amesema atalisikiliza kwa moyo mmoja, ila alilete yeye mwenyewe, aje nalo hapa, na asiondoke mpaka amemshusha Fundi ngazi au amempandisha garini kwa mikono yake.

Mungu aizungushie nyumba yenu ulinzi, awape meza isiyopungukiwa na majirani wanaobisha hodi.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye kuliko sofa yako,

Katibu wa familia.